Sola kwenye nyumba kongwe ya milimani: anza na paa

Lushoto, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari katika Milima ya Usambara nchini Tanzania, bado una majengo ya enzi ya Wajerumani, yaani mbao za paa zinaweza kuwa na zaidi ya miaka 100. Mwenye jengo la namna hiyo akitaka kufunga sola, ana bahati moja: baridi. Paneli ikishapata joto la zaidi ya nyuzi 25, kila nyuzi inayoongezeka huipunguzia takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu zake. Hewa ya milimani huipoza.

Shida iko kwenye paa. Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi. Paa likichoka kabla ya hapo, utalipa fundi kufungua kila kitu na kufunga upya. Kwa hiyo panda darini mchana kweupe, uzime tochi. Kila tundu litajionyesha kwa mwanga. Kisha washa tochi, uchome kenchi na papi kwa bisibisi, hasa palipo na alama za maji na pale mbao zinapokutana na ukuta. Ikizama kirahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na fedha ya kwanza ni ya fundi seremala.

Paa likiwa la asbesto, usikubali litobolewe hata tundu moja. Vumbi lake huleta saratani. Funga paneli kwenye fremu ya chuma uani.

Watu wengi huogopa uzito. Paneli ya wati 400 ina kilo 20 na ushee, tena uzito huo husambaa kwenye eneo la karibu mita mbili za mraba. Mimi naogopa zaidi upepo, kwa sababu huingia chini ya paneli na kuinyanyua pamoja na kilichoishikilia. Bolti zishike kwenye kenchi au papi nzima, kamwe zisishike bati peke yake. Kila tundu liwekewe raba na silikoni. Paneli zikae mbali na kingo za paa, na nafasi ya kama sentimita 10 ibaki chini yake hewa ipite.

Kusini mwa ikweta, upande wa paa unaotazama kaskazini ndio bora, na kwa paa lenye mwinuko mkali tofauti ni kubwa. Lakini milimani jua linaweza kuchelewa kutokea nyuma ya kilima, na ukungu wa Juni hadi Agosti hula saa za asubuhi. Kabla ya kununua, tazama kivuli kinavyotembea kutwa, cha mikaratusi na cha bomba la moshi. Kivuli kwenye paneli moja hupunguza umeme wa zote zilizounganishwa nayo mfululizo.

Usichimbe mifereji mirefu ya nyaya kwenye kuta za zamani. Pitisha nyaya kwenye mabomba ya plastiki, panya wasizitafune. Waya wa ardhi usikosekane. Kumbuka pia kwamba paneli haina swichi ya kuizima: maadamu kuna mwanga, nyaya zake zina umeme, na paneli nne za wati 400 zilizounganishwa mfululizo huzidi volti 100. Hiyo si kazi ya kijana mwenye ngazi na koleo tu. Kabla hujatoa malipo ya awali, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.