Mkutano wa Mshtarii na Zohali

Jioni ya tarehe 21 Desemba, 2020, mara baada ya jua kuchwa, watu wengi walitazama upande wa magharibi wakaona kitu mfano wa nyota moja kubwa. Haikuwa nyota, wala haikuwa moja. Zilikuwa sayari mbili: Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, na Zohali, ile yenye pete. Nafasi kati yake ilikuwa kama sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi mpevu. Mwenye macho makali aliweza kuzitenganisha, na mwenye darubini ndogo aliziona zote kwa pamoja.

Wenzangu wa bwenini wakisikia habari hii huuliza maswali mawili. Je, ziligongana? Na je, jambo hili si ndege mbaya?

La kwanza ni jepesi. Siku ile Mshtarii ilikuwa mbali nasi kilometa karibu milioni 890, na Zohali ilikuwa nyuma yake kilometa zaidi ya milioni 700 tena. Ni kama mnazi ulio karibu na mlima ulio mbali. Ukisimama mahali fulani utaona kilele cha mlima kimekaa juu ya mnazi. Sogea hatua chache, hukioni hapo tena. Sayari hizo zilikutana machoni petu tu.

Tena mkutano huo ulijulikana zamani, na hesabu yake hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aiweza. Mshtarii huzunguka jua kwa miaka 12 hivi, Zohali kwa miaka 30 hivi. Duara lina digrii 360. Basi Mshtarii hutembea digrii 30 kwa mwaka, Zohali digrii 12 tu. Kila mwaka Mshtarii huizidi Zohali digrii 18. Gawa 360 kwa 18, utapata 20. Kila baada ya miaka 20 hivi Mshtarii huipita Zohali, kama mkimbiaji hodari ampitavyo mvivu kiwanjani, naye amekwisha mtangulia mzunguko mzima.

Mbona basi ikasemwa kuwa ni jambo la nadra? Kwa sababu njia za sayari hizi hazikulala sawasawa, na mara nyingi moja hupita juu au chini ya nyingine. Mara nyingine hukutana karibu na jua zikafichwa na mwanga, kama mwaka 2000. Mwaka 1623 zilikaribiana sana, lakini kwa ajili ya jua ilikuwa shida kuziona. Mkaribiano wa namna hiyo ulioonekana vizuri kabla ya huo ulikuwa wa Machi 1226, kabla ya kucha. Kilwa ulikuwa tayari mji wa biashara. Huenda mabaharia wake waliuona.

Swali la pili ni zito, maana nimesikia hata watu wazima wakisema kwamba korona ililetwa na sayari hizo. Korona ilianza kujulikana Desemba 2019, mwaka mzima kabla ya mkutano. Tena mwaka 1974 John Gribbin na Stephen Plagemann walitoa kitabu wakidai kwamba sayari zikijipanga mwaka 1982 zingeleta tetemeko kubwa huko California, Marekani. Mwaka 1982 ulifika, ukapita, na tetemeko hilo halikutokea. Bahari zetu hupwa na kujaa kwa mvuto wa mwezi na jua. Mvuto wa sayari hizo kwa maji ni mdogo hata hauonekani.

Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 12, na hesabu hii sikuijua. Mkaribiano mwingine kama ule utakuwa tarehe 15 Machi, 2080, nami nikiwa hai nitakuwa nimepita miaka sabini. Lakini kabla yake uko wa tarehe 31 Oktoba, 2040, nafasi ikiwa digrii moja na kidogo. Amka kabla ya mapambazuko, utazame mashariki, chini karibu na upeo wa macho. Darubini haihitajiki, ila mahali pasipo na miti upande huo.