Mashine ikisema unadaiwa

SWALI: Nakusanya ushuru wa mazao kwa mashine ya POS, barabara ya Handeni hadi Korogwe. Mfumo ukikosea ukaonyesha nina deni, nikashtakiwa, nani atawajibika?
Mkusanya ushuru, Handeni

JIBU: Hofu yako si ya bure, ndugu. Uingereza, mamia ya wasimamizi wa posta ndogo walitiwa hatiani kuanzia 1999 kwa hesabu za mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu huko ilithibitisha kasoro zake. 2024 Bunge likafuta hukumu hizo kwa sheria. Fujitsu ilikiri wajibu wa kimaadili wa kuchangia fidia.

Kwetu, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinapokea kumbukumbu za kompyuta kama ushahidi, ila uzito wake hupimwa kwa uhakika wa namna zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo hoji mbele ya hakimu: mashine ilikuwa nzima siku ile?

Kama mfumo wenu ulitengenezwa na kampuni, kuidai ni kazi ngumu, kwani mkataba wake ni na halmashauri, si nawe. Utalazimika kuthibitisha uzembe. Basi tunza stakabadhi za benki, na hitilafu ikitokea, iripoti kwa barua siku hiyohiyo, ubaki na nakala yenye muhuri.