Chuo cha Udaktari Kinamfaa Nini Mama wa Kigamboni?



Inapotangazwa kwamba fedha zitatumika kujenga chuo cha udaktari au maabara ya utafiti, wapo kati yetu wanaonung'unika: "Sisi Kigamboni tunataka dawa na wakunga. Maabara ya wasomi ya nini?" Swali hili si la kudharauliwa. Mwezi huu tulichambue pamoja.

1. DAKTARI HAOTI KAMA UYOGA

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na chuo cha kutoa shahada ya udaktari. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, na tangu mwaka 2007 inaitwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kanisa nalo lilianzisha chuo chake Bugando, Mwanza, mwaka 2003, kikiwa na wanafunzi 10 tu wa udaktari.

Mwanafunzi husoma miaka 5, kisha hufanya mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Ubao na chaki havitoshi. Anahitaji darubini, maabara, wodi na mwalimu wa kumsimamia. Kwa hiyo tukibana fedha za chuo leo, pengo tutaliona baada ya miaka 6, mama atakapopelekwa Temeke kutoka Vijibweni usiku na kukosa mtu wa kumpasua.

2. UTAFITI HUANZIA KLINIKI

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2001 na 2004, wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani waliwaandikisha wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI katika kliniki za Dar es Salaam. Wote walipewa vidonge vya kuongeza damu. Zaidi ya hivyo, kwa njia ya kura, nusu walipewa vitamini za aina ya B, C na E, na nusu vidonge vinavyofanana navyo visivyo na vitamini. Wala mama wala muuguzi hakujua nani anakunywa kipi, ili mtu yeyote asipendelee upande.

Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Kwa akina mama wasiopata vitamini, watoto 94 katika kila 1,000 walizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Kwa waliopata, walikuwa 78. Tofauti ni watoto 16. Ni wachache kwa hesabu, lakini kwa mama wa mmojawapo si mchache hata kidogo, maana mtoto mdogo mno hupoteza joto upesi na hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi.

Jibu hilo lisingepatikana bila mizani sahihi, maabara ya damu, kumbukumbu zilizotunzwa na wataalamu waliosomeshwa. Wala halikuletwa na wasomi peke yao. Lililetwa na akina mama waliokubali kurudi kliniki mwezi hata mwezi.

3. HAKI ZETU

Mgonjwa si chombo cha kufundishia. Ni mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi tukumbuke:

(a) Mwanafunzi akija kukupima, una haki ya kujua yeye ni nani na nani anamsimamia.

(b) Utafiti wowote juu ya watu lazima kwanza upate kibali cha maadili. Uliza kibali hicho.

(c) Uelezwe kwa lugha unayoielewa faida na hatari zake kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

(d) Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

(e) Siri yako itunzwe.

Nao wajawazito wasijinunulie vidonge dukani kwa sababu ya habari hizi. Wamwulize muuguzi wa kliniki.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga kwa kuwa kazi yake yatoka kwa Mungu. Kumheshimu ni pamoja na kumsomesha vizuri, na pia kumdai awe mwaminifu kwetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, yupo kijana katika jumuiya yetu anayetaka kusomea uuguzi au udaktari? Tunamsaidiaje?

2. Mtu akija nyumbani kuomba damu kwa ajili ya utafiti, tutamwuliza nini?