Somo la Mji wa Kwetu: Pangani

Kijana akaaye mji mdogo huchoka nao upesi. Njia zake azijua zote, nyuso za watu azijua zote, na jioni ya leo ni kama jioni ya jana. Hapo ndipo asemapo, "Kwetu hakuna kitu," akafunga mzigo wake akashika njia ya Tanga au Dar es Salaam. Kwenda si vibaya, maana kazi hutafutwa ilipo. Tena wazee wetu walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini neno hili "hakuna kitu" lafaa lipimwe. Basi na tulipimie mji wa Pangani, kwa kuwa wengi wa wenyeji wake wamelisema.

Kwanza, tuulize kwa nini mji umenyamaza. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari yenye sifa. Misafara ya bara ilishukia hapo na pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa, jambo ambalo halifai kufichwa. Mwaka 1888 wenyeji walisimama kuwapinga Wajeremani, na kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, na biashara ikaifuata reli. Tena mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga, na meli kubwa haziwezi kuingia. Kwa hiyo mji haukunyamaza kwa uvivu wa watu wake, bali njia ya biashara ilihama. Aijuaye sababu hii hauonei mji wake haya.

Pili, tuulize mji umetoa nini. Mwaka huo huo 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba makubwa ya mkonge, hata katikati ya karne ya 20 Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa kutoa katani.

Tatu, tuulize kilichopo leo. Kila siku watu huvuka kwa kivuko kwenda Bweni, wala hawautazami mto. Lakini maji yale yametoka Kilimanjaro na Meru, yamekutana Nyumba ya Mungu, na kabla ya kufika baharini yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964. Na huko baharini kipo Kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti. Sasa ni mchanga mtupu, na maji yakijaa hufunikwa. Hata hivyo kasa hawajaacha kwenda kutaga huko, na watu wameyahamisha mayai yao mpaka ufuko wa Ushongo ili yaanguliwe salama. Kasa huzunguka bahari miaka mingi, kisha akikomaa hurudi kutaga katika pwani za kwao.

Hatusemi kwamba Pangani haina upungufu. Kazi ni chache, na nyumba za kale za mawe zaendelea kubomoka. Lakini aendaye mjini likizo akauliza, atakuta mji asioujua katikati ya mji aliouchoka. Afanye hivyo mapema, maana wazee wenye habari za nyumba hizo hawatatungoja.

Maswali kwa wasomaji:

1. Mji au kijiji chako kilipewa jina hilo kwa sababu gani, na nani ajuaye?

2. Maji unywayo yatoka wapi?

3. Ni kazi gani iliyofanywa kwenu zamani na sasa imekoma, na ni nini kilichoikomesha?

Andika majibu katika daftari, na chini ya kila jibu uandike jina la mzee aliyekuambia.