Gia za mbele zinavyoweza kuokoa magoti yako

UKISIMAMA kandokando ya Valley Road, Nairobi, wakati watu wakitoka kazini jioni, utaona aina mbili za waendesha baiskeli wakipanda kilima kuelekea Ngong Road. Wa kwanza ameketi kitini, miguu yake inazunguka bila kukoma. Wa pili amesimama juu ya pedeli, anakanyaga kwa uzito wake wote huku baiskeli ikiyumba kushoto na kulia. Aghalabu, huyu wa pili ndiye atakayelala na magoti yanayomwuma.

Wengi hudhani maumivu hayo yaletwa na baridi au umri. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi chanzo kiko kwenye baiskeli yenyewe: ina gia moja tu, nayo ni nzito mno kwa mlima. Si lazima ununue baiskeli mpya. Waweza kuacha sproketi moja ya nyuma na kuweka mbili au tatu za mbele, kwenye pedeli.

Goti huumiaje?

Kila unapokanyaga pedeli, misuli ya paja huvuta pia ya goti, yaani kile kifupa cha duara kilicho mbele. Kadiri unavyotumia nguvu nyingi goti likiwa limekunjwa, ndivyo pia hiyo inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja. Jambo hili likirudiwa mamia ya mara kila siku, sehemu ya mbele ya goti huanza kuuma, hasa unapopanda ngazi au unapoinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, ni afadhali kukanyaga mara nyingi kwa nguvu kidogo kuliko kukanyaga mara chache kwa nguvu nyingi.

Hesabu ya meno

Tuchukue mfano wa baiskeli yenye sproketi ya mbele ya meno 44 na ya nyuma ya meno 18. Gawanya 44 kwa 18, utapata karibu 2.4. Maana yake ni kwamba pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.4. Gurudumu la inchi 28 husonga takriban mita 2.2 kwa kila mzunguko, hivyo baiskeli itakwenda mita 5.4.

Kwenye tambarare jambo hilo ni zuri. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, utakwenda karibu kilomita 19 kwa saa. Lakini mlimani, mwendo ukishuka hadi kilomita 8 kwa saa, miguu itazunguka mara 25 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa wa kusukuma kwa shida.

Sasa ongeza mbele sproketi ya meno 32. Mwendo ukiwa ule ule, miguu itazunguka mara 34, na nguvu inayohitajika kwenye pedeli itapungua kwa zaidi ya robo. Ukitumia ya meno 24, itapungua kwa karibu nusu. Mlima haujabadilika wala mzigo haukupungua, ila goti limepata nafuu.

Mbona mbele wala si nyuma?

Gurudumu la nyuma ndilo hubeba sehemu kubwa ya uzito wako na wa mizigo. Sproketi nyingi zikipangwa nyuma huchukua nafasi kwenye ekseli, na spoki za upande wa cheni hulazimika kukazwa kuliko za upande wa pili. Sproketi ikiwa moja, spoki za pande zote mbili zaweza kugawana kazi karibu sawa, na gurudumu huwa imara zaidi.

Fikira hii si ngeni. Paul de Vivie, Mfaransa wa mji wa Saint-Étienne aliyejulikana kama Vélocio, alianzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887. Katika majaribio yake ya awali ya gia alitumia sproketi mbili za mbele, na cheni aliihamisha kwa mkono. Wengi wa enzi zake waliona gia ni za watu wanyonge. Hata mashindano ya Tour de France hayakuruhusu vifaa vya kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Leo hakuna bingwa anayepanda milima hiyo bila gia. Kwa hiyo usione haya.

Mwambie fundi haya

Ukitoka meno 44 hadi 32, cheni italegea kwa karibu sentimita 7 na nusu. Ni lazima kiwepo kikaza cheni chenye springi cha kuvuta ulegevu huo. Bila kikaza, chagua sproketi zinazokaribiana, kama 44 na 38, kisha kila unapobadilisha uvute gurudumu nyuma kwa karibu sentimita 2 na kukaza nati. Hakikisha kwanza fremu ina nafasi hiyo, na ukague breki baada ya kusogeza gurudumu.

Sproketi ya nyuma ielekeane na katikati ya zile za mbele, la sivyo cheni itaruka. Cheni nyembamba ya baiskeli za gia haiingii kwenye sproketi pana ya kawaida, kwa hiyo vipimo vilingane.

Tahadhari kubwa: kama baiskeli yako hushika breki kwa kurudisha pedeli nyuma, usiwekewe kikaza cha springi. Ukikanyaga nyuma, nguvu yote itaishia kwenye springi na huenda ukose breki mbele ya matatu.

Mwisho, badilisha gia kabla ya kuanza kupanda. Cheni ikichomoka huku umesimama juu ya pedeli, utaanguka.

Kiti nacho

Gia haitakusaidia kiti kikiwa chini mno, maana goti litakunjika kupita kiasi. Keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wakati wa kumwona daktari

Goti likiuma kidogo, pumzika siku chache na ulikande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila mara. Lakini usikawie kwenda hospitalini endapo limevimba, linakwama bila kunyooka, au halikuwezi kusimama baada ya kuanguka. Goti jekundu lenye joto, pamoja na homa, ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Wengi huendesha baiskeli ili waokoe nauli. Itakuwa hasara kubwa nauli hiyo ikiishia kulipia matibabu ya magoti, ilhali sproketi moja zaidi ingalitosha kuyaepusha.