Kufundisha Umeme kwa Gramafoni

Mwalimu wa Kasense, katika uwanda wa juu wa Ufipa, aweza kufundisha umeme kwa gramafoni kuukuu ya betri. Tubandike kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri ya mizunguko 45, wanafunzi waihesabu kwa dakika moja. Betri zikichoka, hesabu hupungua na sauti ya mwimbaji huwa nzito. Tusiwaambie sababu; waitafute.

Iwapo chombo chataka volti 6, waunganishe betri nne za volti 1.5 kwa mfululizo. Kisha tuwaulize: tukiongeza safu ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, je, santuri itakwenda mbio zaidi? Wengi watakubali. Wahesabu tena: mizunguko ni ile ile. Volti hazikuongezeka, kilichoongezeka ni muda wa kazi.

Tuhakikishe betri zote ni mpya na za aina moja, kwani safu yenye nguvu hupoteza umeme wake kwa safu iliyochoka. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa.

Mtoto aliyekisia, akahesabu, akajisahihisha, hahitaji kukaririshwa.