Simu ya Video kwa Mzee Aliye Makaoni

Upweke hudhuru afya ya mzee. Mwezi Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia suala hilo.

Simu ya video yaweza kuupunguza, lakini kifaa pekee hakitoshi. Kabla ya kununua, hakikisha mzee mwenyewe ameridhia. Uliza uongozi wa makao: je, mtandao unafika chumbani? Nani atamsaidia kupokea simu? Chagua kifaa chenye kioo kipana na sauti ya kutosha.

Kisha panga naye siku na saa ya mazungumzo, na uitimize ahadi hiyo. Kungoja simu isiyopigwa huweza kumuumiza zaidi.

Mkumbushe asimtajie yeyote namba yake ya siri, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi wa benki.